Darasa la Vipande: Mtoto Anapojifunza Kumhitaji Mwenzake



Mtoto arudipo nyumbani na ripoti ya mwisho wa muhula, swali linalomlaki mlangoni katika nyumba zetu nyingi ni moja: "Umekuwa wa ngapi?" Mzazi huuliza kwa mapenzi, na hapana ubaya kumtakia mwana daraja ya juu. Hata hivyo, mtoto aulizwaye hivyo muhula baada ya muhula hujifunza hesabu ambayo haimo katika kitabu chochote cha shule: kwamba ili yeye apande, sharti mwenzake ashuke. Ndipo tunapomwona msichana mwenye adabu zake akilifunika daftari kwa kiganja ili jirani yake asichungulie, na mvulana mpole akificha tabasamu mwenzake anapokosea jibu mbele ya darasa.

Wakati huo huo, twataka watoto hao hao wakikua wasaidiane. Twataka ndugu washikamane baada ya wazazi kuondoka, majirani wachangiane katika arusi na maziko, vijana waungane kuanzisha biashara. Twangojea mavuno ya mbegu tusiyoipanda. Mtaala wa umilisi unaotumika katika shule zetu umeliona jambo hili, na miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi, mawasiliano na ushirikiano umetajwa wa kwanza. Neno limekwisha kuandikwa; lililobaki ni kujua mtoto hufundishwaje kushirikiana. Kumwambia tu "shirikiana na wenzako" ni sawa na kumwambia "ogelea" hali hajatia mguu majini.

Leo safu yetu yaeleza njia moja iliyojaribiwa kwa miaka mingi, isiyohitaji fedha wala mitambo: kufundisha kwa mafumbo ya vipande.

KUKAA PAMOJA HAKUTOSHI

Wazazi wengi huilalamikia kazi ya kikundi, na wana haki. Watoto watano hupewa kazi moja. Mmoja huifanya yote, wawili hutazama, mmoja hucheza, na wa tano huandikisha jina lake tu. Mara nyingine hata huyo mmoja haifanyi yeye. Huifanya mama yake, atafutaye katoni na gundi saa nne za usiku. Au kila mtoto hutaka kuongoza, na wahenga wetu walishatuonya kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kwamba kuwaweka watu mahali pamoja hakuwafanyi wapatane, lilionekana wazi mwaka 1954 katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, aliwachukua wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 hadi kambi ya msituni iitwayo Robbers Cave, akawagawanya makundi mawili. Makundi hayo yaliposhindanishwa kwa michezo na zawadi, haukupita muda wakaanza kutukanana, kuchomeana bendera na kuvamiana vibandani. Sherif na wenzake walijaribu kwanza kuwapatanisha kwa kuwakutanisha katika chakula na burudani. Watoto wakarushiana chakula.

Kilichowapatanisha kilikuwa shida ya wote. Maji ya kambi yalikatika, ikawabidi wote watafute palipoziba. Lori la chakula likakataa kuwaka, nao wakalivuta kwa pamoja, tena kwa kamba ile ile waliyokuwa wakishindania kuvutana. Baada ya shida kadhaa za namna hiyo, uadui ulipungua, na waliokuwa mahasimu wakaomba kurudi nyumbani kwa basi moja. Funzo ni kwamba mtu humthamini mwenziwe anapomhitaji kweli, kwa jambo ambalo peke yake haliwezi.

FUMBO LA AUSTIN

Mafumbo ya vipande yalianza zamani kama chombo cha kufundishia. Katika miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuziunganisha tena. Kila atakayelicheza fumbo la aina hii hugundua jambo moja: kipande kimoja kikipotea, hata kiwe kidogo namna gani, picha haikamiliki.

Wazo hilo ndilo alilolichukua Elliot Aronson, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Mwaka 1971, shule za mji huo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa Kizungu, watoto weusi na watoto wenye asili ya Meksiko, waliokuwa wametenganishwa miaka yote. Matokeo yalikuwa hofu na ngumi. Aronson aliitwa kusaidia. Kabla ya kutoa shauri lolote, yeye na wanafunzi wake waliingia madarasani, wakaketi, wakatazama.

Walichokiona sisi sote twakijua. Mwalimu huuliza swali. Mikono kadhaa hunyooshwa juu, watoto wakijinyanyua vitini ili waonekane. Mmoja huchaguliwa, na wenzake hushusha mikono kwa masikitiko. Akikosea, nyuso hung'aa, kwani nafasi imerudi. Wasiojua jibu huinamisha vichwa wakiomba wasiitwe. Katika darasa la namna hiyo, mwenzako ni mshindani wako hata kama humchukii.

Aronson alibadilisha mpango wa somo wenyewe. Darasa liligawanywa vikundi vidogo vya watoto watano au sita wa asili na uwezo mbalimbali. Somo nalo lilikatwa vipande vilivyo sawa na idadi ya watoto, na kila mtoto akapewa kipande chake peke yake. Hapakuwa na njia nyingine ya kuyapata maarifa ya vile vipande vingine ila kumsikiliza mwenye navyo. Mwisho wa yote, kila mtoto alifanya mtihani wake mwenyewe juu ya somo zima. Njia hiyo ikaitwa darasa la fumbo la vipande.

MTOTO ALIYEKUWA AKINYAMAZA

Aronson amesimulia habari za mvulana mmoja aliyempa jina la Carlos. Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani kwao, na kila alipokisema darasani alichekwa. Akajifunza kunyamaza. Mwalimu wake, kwa kumwonea huruma, akaacha kumwuliza maswali, na hivyo wote wawili wakawa wamefunga mkataba wa kimya: mtoto haaibiki, na mtoto hasomi.

Darasa la vipande liliuvunja mkataba huo. Kikundi chake kilikuwa kikisoma maisha ya Joseph Pulitzer, mchapishaji mashuhuri wa magazeti, na sehemu moja ya maisha hayo ilikuwa mkononi mwa Carlos. Siku za kwanza alibabaika, akasita, akatazama chini, na wenzake wakamdhihaki kama walivyozoea. Msaidizi wa Aronson aliyekuwa akipita hakuwakemea wala kuwahutubia. Aliwakumbusha tu kwamba maneno hayo hayatawasaidia kuijua sehemu ile ya somo, na mtihani uko karibu.

Watoto wakaelewa kwamba kumcheka Carlos kunawagharimu. Polepole wakajifunza kumsubiri, kisha kumwuliza maswali mepesi ya kumfungua ulimi. Naye kwa kuulizwa vizuri akaanza kujibu vizuri, nao wakagundua kwamba hakuwa mjinga kama walivyodhani. Miaka mingi baadaye, Aronson aeleza, alipokea barua ya kijana aliyeamini kuwa yeye ndiye Carlos, akimpa habari kwamba amekubaliwa kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Majaribio ya awali, yaliyochukua majuma machache na sehemu ndogo tu ya siku ya masomo, yalionyesha kwamba watoto wa madarasa hayo waliwapenda wenzao zaidi, waliipenda shule zaidi na walijiona bora zaidi kuliko wa madarasa ya kawaida. Alama za watoto weusi na wa asili ya Meksiko zilipanda, na za watoto wa Kizungu hazikushuka. Yafaa kusema pia kwamba tafiti za miaka ya baadaye hazikutoa jibu moja: mahali pengine njia hii imeinua alama sana, mahali pengine kidogo, na pengine haikuonekana kuzibadilisha. Si dawa ya kila maradhi. Hutegemea sana jinsi mwalimu anavyoitayarisha.

SOMO MOJA LA MOMBASA

Tuseme mwalimu wa darasa la 6 ataka kufundisha habari za Ngome ya Yesu. Somo hili hugawanyika vizuri vipande vitano. Cha kwanza ni ujenzi wake: Wareno walianza mwaka 1593 na kumaliza 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ili kuilinda bandari na njia yao ya bahari ya kwenda India. Cha pili ni umbo lake, linalofanana na mwili wa mtu likitazamwa kutoka juu, na kuta zake nene za matumbawe. Cha tatu ni vita: jinsi majeshi ya Oman yalivyoizingira tangu 1696 hadi yalipoitwaa 1698. Cha nne ni miaka ya gereza chini ya Waingereza, tangu 1895 hadi 1958. Cha tano ni ngome kama turathi: kuhifadhiwa kwake kitaifa mwaka 1958 na kuingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2011.

Mwalimu aandika kila kipande katika karatasi yake, aya mbili au tatu zisizozidi uwezo wa mtoto. Kisha:

1. Agawe darasa vikundi vya watoto watano, kila kikundi kikiwa na mwepesi na mzito, msemaji na mnyamavu. Watoto wasijichagulie, maana marafiki watafuatana na mpweke atabaki mpweke.

2. Kila mtoto apewe kipande kimoja, akisome kimya mara mbili.

3. Wenye kipande kimoja kutoka vikundi vyote wakutane. Hiki ndicho kikundi cha weledi. Hapa hujadili kipande chao, hurekebishana, na kufanya mazoezi ya kukieleza. Hatua hii ndiyo kinga ya mtoto mzito: harudi kwa wenzake mikono mitupu, kwa kuwa amekwisha kuwasikia wengine wakikieleza kipande kile kile.

4. Kila mmoja arudi kikundini kwake na kuwafundisha wenzake, nao waulize maswali. Hairuhusiwi kuwapa karatasi waisome. Lazima aseme kwa kinywa chake.

5. Mwisho, mtihani mfupi, kila mtu na karatasi yake.

Darasa likiwa na watoto 50, kila kikundi cha weledi kitakuwa na watu kumi, nao ni wengi mno, kigawanywe viwili. Akibaki mtoto mmoja au wawili bila kikundi, waungane na wenye vipande virefu na washirikiane navyo. Palipo na desturi ya wavulana na wasichana kuketi mbali mbali, kama katika madrasa zetu nyingi, vikundi viundwe kila upande peke yake, na hakuna kitakachoharibika. Maalimu wa madrasa naye aweza kuligawa somo la sira kwa njia hii hii.

Mwalimu hapumziki wakati huo. Kazi yake ni kutembea, kusikiliza, na kumtazama yule ambaye hapewi nafasi. Aonapo mtoto mmoja akiwatawala wenzake, amteue kuwa mwenyekiti wa zamu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mmoja amesema. Mara nyingi mtawala mdogo akipewa amana hiyo huitunza vyema.

MCHEZO WA KUTOA BILA KUOMBA

Kabla ya kuanza masomo ya namna hiyo, walimu wengi hutanguliza mchezo uitwao miraba iliyovunjika, uliotokana na kazi ya mwanasaikolojia Alex Bavelas. Kwa kawaida huchezwa na watu watano, lakini hapa twatoa umbo jepesi la watoto wanne, ambalo mama aweza kulitengeneza jikoni kwa katoni na makasi.

Kata miraba minne iliyo sawa, kila upande sentimita 20. Mraba wa kwanza ukate katikati, upate mistatili miwili. Wa pili ukate katikati vivyo hivyo, kisha mstatili mmoja ukate tena katikati, upate mstatili mmoja na miraba midogo miwili. Wa tatu na wa nne, kila mmoja ondoa robo ya kona moja: utapata mraba mdogo, na kipande kikubwa chenye umbo la herufi L. Jumla una vipande tisa. Tia katika bahasha nne: ya kwanza, miraba midogo mitatu, ya pili, herufi L na mstatili, ya tatu, herufi L na mstatili, ya nne, mstatili na mraba mdogo.

Lengo ni kila mtoto awe na mraba mkubwa uliokamilika mbele yake. Sheria ni hizi: hakuna kusema, hakuna kuashiria kwa mkono wala jicho, hakuna kuomba, hakuna kuchukua cha mwenzako. Linaloruhusiwa ni moja tu, kutoa. Waweza kumpa mwenzako kipande chako chochote, wakati wowote.

Angalia kitakachotokea. Mwenye miraba midogo mitatu ataona amebakiza kimoja tu. Akipewa cha nne, ataupanga mraba wake, atakunja mikono na kustarehe. Kumbe amefunga njia: wenye herufi L wawili wanahitaji mraba mdogo mmoja mmoja, na yote iko mbele yake. Mraba wake ni mzuri, umenyooka, hauna kasoro, na kwa ajili yake hakuna atakayemaliza kazi. Dakika hupita. Wenzake hawawezi kumwomba. Lazima yeye mwenyewe ainue macho kutoka kwenye kazi yake iliyokamilika, aone ya wenzake, na auvunje mraba wake kwa hiari.

Kitendo hicho ni kizito kwa mtoto, na kwa mtu mzima huenda kikawa kizito zaidi. Mchezo ukiisha, msikimbilie kufungasha. Waulize: Ulijisikiaje ulipokuwa umemaliza na wenzako bado? Ulijisikiaje ulipoona kipande unachokihitaji kwa mwenzako, naye hakuoni? Nani alikuwa wa kwanza kutoa? Waache waseme. Hapo ndipo somo lilipo, na watatoa mifano yao wenyewe ya nyumbani na ya darasani ambayo usingeifikiria.

MADUKUDUKU YA WAZAZI

Mzazi wa mtoto mwepesi huuliza: mwanangu hapotezewi wakati kwa kuwangoja wazito? Jibu wanalijua walimu wote: hujui kweli jambo mpaka umlifundishe mtu asiyelijua. Mtoto aliyezoea kujibu haraka hujifunza hapa kazi ngumu zaidi, ya kueleza hatua kwa hatua na kutambua mwenzake amekwama wapi.

Mzazi wa mtoto mwenye haya huhofu: mwanangu ataaibika. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu ya kikundi cha weledi. Pia kusema mbele ya watoto wanne si sawa na kusimama mbele ya hamsini.

Wapo pia wasemao: maisha ni mashindano, na mtihani wa taifa kila mtu hufanya peke yake. Ni kweli. Njia hii haiondoi mtihani wala haimkatazi mtoto kutaka kushinda. Huongeza silaha moja anayoikosa, nayo ni kujua kufanya kazi na watu. Daktari hapasui peke yake, na jahazi halitwekwi tanga na mtu mmoja.

NYUMBANI

Mlango wa kuanzia uko katika nyumba. Siku ya kupika mahamri, mmoja akande, mmoja asukume, mmoja akate, mmoja asimamie karai akiwa mkubwa wa kutosha. Na lisiwepo jukumu la kutazama tu. Ndugu wawili wagombanao wape kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza bila mwenziwe, kama kukunja mashuka au kupanga picha ya vipande huku kila mmoja akishika nusu ya vipande. Wasipokubaliana mara ya kwanza, usikimbilie kuamua. Wangoje kidogo, kama watoto wa Austin walivyomngoja Carlos.

Nalo lile swali la mlangoni halina haja ya kufutwa, liongezewe mawili. Mtoto akirudi shuleni leo, muulize: "Umemfundisha nani kitu? Na nani amekufundisha wewe?" Siku za kwanza huenda akakosa jibu. Muulize tena kesho.

Wasomaji watakaoujaribu mchezo wa miraba na watoto wao, twawaomba watuandikie ilikwendaje, na hasa ni nani aliyeuvunja mraba wake kwanza. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.